Ng'ombe Wana Majina

Mwaka jana nilipata kazi ya mtandaoni. Mteja aliye ng'ambo alitaka nimtafutie ukoo wake: Makaburu waliokuja Kenya mwaka 1908 na Jansen van Rensburg, watu takriban 250 kutoka Transvaal. Walishuka Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakapanda Uasin Gishu na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Eldoret ilimea kwenye shamba namba 64, ndiyo maana wazee bado wanaiita Sisibo.

Kazi ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Mlowezi aliacha karatasi kila alipokanyaga. Akipewa shamba, karatasi. Akifa, jina lake linachapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali ili wanaomdai wajitokeze. Ndani ya wiki mbili, nikiwa kitandani Lucky Summer, dirisha limefungwa kwa sababu ya moshi wa dampo la Dandora, nilikuwa nimefika kizazi cha tano cha watu nisiowajua. Kwa upande wangu naishia kwa babu wa baba. Alitoka Maragoli akaenda kulimia Mzungu huko huko Uasin Gishu. Mzungu gani, shamba lipi, nyanya hajui.

Kisha mteja akanitumia picha kutoka albamu ya familia. Gari la ng'ombe, wanaume wenye ndevu, mama mmoja, watoto. Chini yake mtu ameandika majina yote, kushoto kwenda kulia, halafu majina ya ng'ombe wawili wa mbele. Waafrika wawili walioshika kamba hawakutajwa.

Nilicheka kwanza, kusema kweli. Hasira ilikuja usiku.

Je, ukoo ulioandikwa bila kosa hata moja unaweza kuwa uongo? Tarehe zangu zote ni sahihi. Lakini ile familia haikuishi pale kwa jasho lake peke yake. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka ndio akubaliwe kukaa shambani. Kisha kikaja kipande, kinaning'inia shingoni ndani ya kibati, kina jina, alama za vidole, tajiri na mshahara. Kwa hivyo usiniambie babu hakuandikwa. Aliandikwa ili asitoroke. Tajiri wake aliandikwa ili arithiwe. Na ardhi yenyewe ilikuwa na wenyewe: Koitalel arap Samoei aliuawa mwaka 1905, Wanandi wakasukumwa kwenye rizavu, na miaka mitatu baadaye magari yakaingia.

Jamaa ninayeishi naye aliniambia, "Buda, umelipwa kutafuta damu. Haki ni kazi ya mtu mwingine." Ana hoja. Mtu akitaka kujua nyanya yake alizaliwa wapi, hajamwibia yeyote. Na sisi si watakatifu. Nyanya akinihesabia ukoo wetu hutaja wanaume saba mfululizo bila kupumua. Nikimuuliza kuhusu mama zao, anasema, "Na wake zao." Yeye mwenyewe ni mke wa mtu, na siku moja mjukuu wa mjukuu atampitia hivyo hivyo. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, akaanza kunitajia mama mkwe wake, dada zake, na mkunga aliyemzalisha baba. Niliandika nyuma ya risiti ya tokeni za stima.

Nikarudi kwa ripoti. Chini ya ile picha niliongeza: "Wa nne na wa tano kutoka kushoto ni wafanyakazi. Majina yao hayakuandikwa." Mteja alijibu kwa upole sana kwamba kazi imemfurahisha, ila hao si familia, nitoe huo mstari ndipo atume nusu ya pesa iliyobaki.

Rent ni tarehe tano. Mstari bado uko.