Matawi Barabarani

Ukisafiri usiku kutoka Tunduru kuelekea Mangaka, ukakuta matawi mabichi yamelazwa kwenye lami kabla ya kufika Nakapanya, dereva haulizi ni ya nini. Anapunguza mwendo. Mbele kuna lori limeharibika, pengine hata taa haliwashi. Kuna mtu ameliona, akashika panga, akaingia porini kukata.

Nakapanya hakuna handaki la barabara, ila matawi hayo hunifanya nifikirie mahandaki. Tarehe 24 Machi 1999, lori lililobeba unga na majarini liliwaka moto ndani ya handaki la Mont Blanc, lenye urefu wa kilomita 11.6 kati ya Ufaransa na Italia. Watu 39 walikufa. Vyumba vya udhibiti vilikuwa viwili, kila kimoja cha kampuni yake. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ukaagiza kwamba mahandaki ya barabara zake kuu yenye kituo cha udhibiti yawe na kamera, pamoja na mtambo wa kugundua wenyewe gari lililosimama au moto.

Mtambo wenyewe hauna maajabu. Programu hujifunza barabara ilivyo ikiwa tupu, kisha hufuatilia kinachosogea. Gari likisimama kwa sekunde zilizopangwa, king'ora hulia. Ugomvi wangu uko kwenye hizo sekunde. Zikiwa chache, kila foleni ndogo, kila kivuli na kila mng'ao wa taa kwenye lami yenye maji utaamsha king'ora, na mtu wa zamu atazoea kukizima bila kutazama. Zikiwa nyingi, familia iliyoharibikiwa na gari itangoja mle ndani huku lori likija nyuma yao. Kuna mtu anayechagua namba hiyo, ofisini, mchana kweupe, chai ikiwa mezani. Kwangu mimi, huyo hana haki ya kusema baadaye kwamba mashine haikuona. Yeye ndiye aliyeipangia cha kutoona.

Wala sisifu macho ya binadamu. Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka na watu wengi wakaliona papo hapo. Wakaja na madumu. Takribani 100 walikufa. Kamera isingechota mafuta, hilo tukubali. Isingekata tawi pia. Kwa mwenye panga, kuona na kuwajibika vimo katika mkono mmoja. Handakini tumevitenganisha, mashine ikaachiwa kuona, mtu akaachiwa kuinuka kitini, na kati yao tukaweka namba.

Hata mkata matawi ana king'ora chake cha uongo. Lori likishatengenezwa, dereva huondoka, matawi yakabaki palepale. Siku ya tatu yamekauka. Anayekuja huyapanda na magurudumu bila kupunguza mwendo.