Siku ya Nne ya Mgeni

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu usiku kutoka Muze. Yuko likizo kwa mama. Ni nesi, ana shahada, ana miaka 31, na siku hizi kichwa chake chote kiko Kanada. "Kaka, nimejihesabu," akaniambia. "Umri wangu uko vizuri, elimu iko vizuri, kazi nimefanya miaka sita. Kinachoniangusha ni Kiingereza tu."

Simu ilikuwa kwenye spika. Mama alikuwa amekaa hapo hapo barazani, maana joto la bonde la Rukwa halikuruhusu kulala mapema. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Sasa akizeeka huko, hizo pointi zikiisha, si watamrudisha?"

Tulicheka wote wawili. Baadaye, nilipozima taa, nikagundua kwamba sikuwa nimemjibu. Makala hii ni jibu langu kwa mama, na imenichukua mbali kuliko nilivyotarajia.

Kwanza nieleze hizo pointi. Tangu 2015 Kanada inawapanga wageni wenye ujuzi kwa alama: umri, elimu, lugha, uzoefu wa kazi. Mwenye miaka 20 hadi 29 anapata alama zote za umri. Baada ya hapo zinashuka mwaka hadi mwaka, na ukifika 45 unapata sifuri. Mtu anageuzwa kuwa jumla. Aliye juu anaitwa, aliye chini anasubiri.

Ni rahisi kulikasirikia jambo hili, na sisi wapenzi wa fasihi huwa wepesi wa kukasirika. Wengi wenu mmesoma By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, ya 2001. Saleh Omar, mzee wa miaka 65 kutoka Zanzibar, anatua Gatwick na kasha dogo la udi, na ofisa wa uhamiaji anaona kabisa kwamba umri huu si wa kuja kuomba hifadhi. Hana faida yoyote kwa nchi ile. Tukisoma pale tunamchukia ofisa, na sawa, tumchukie.

Lakini hebu tumtendee haki hata huyo mwenye kuhesabu. Nchi ikisema, "Sikujui, sina undugu na wewe, niambie unakuja na nini," je, imekosea? Sisi wenyewe tuna methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia 1962 alipokuwa akieleza Ujamaa, kuonyesha kwamba ukarimu wetu haukuwa ruhusa ya unyonyaji. Na jembe ni nini kama si pointi za kijijini? Anayelima, abaki. Anayekula tu, aage.

Tatizo langu na methali hiyo ni kwamba inaishia siku ya tatu. Mgeni amepewa jembe, amelima. Siku ya nne anakuwa nani? Ni mtu wa hapa sasa, au ni kibarua mwenye mahali pa kulala? Na siku mgongo ukigoma, jembe likamshinda, tunamwambiaje?

Hapo ndipo swali la mama linapokaa, na jibu lake, kwa Kanada, ni hapana. Wakishampa mdogo wangu ukaazi wa kudumu, zile alama hazihesabiwi tena. Atatakiwa aishi kule angalau miaka miwili katika kila mitano, na asifanye kosa kubwa la jinai. Basi. Akifika 45 hakuna atakayemwita kumwambia umri wako sasa ni sifuri. Akiacha unesi akauza maua, ni juu yake. Nadhani hii ndiyo maana ya neno "kudumu" katika karatasi ile: ni ahadi ya kuacha kukuhesabu. Mlangoni wanakuuliza una faida gani, halafu inafika siku wanaacha kuuliza.

Si kila nchi inatoa ahadi hiyo, hata zile zinazokaribisha kwa tabasamu. Ile Golden Visa ya Falme za Kiarabu, iliyoanza 2019, ambayo vijana wetu wanaitamani, inampa tajiri, daktari au mwanasayansi miaka hadi 10, na inaweza kurefushwa ikiwa bado ana sifa zile zile. Ni kitu kizuri kuwa nacho, sikatai. Ila kuhesabiwa hakuishi.

Na kwetu je? Hapa ndipo nilipoanza kujikuna kichwa. Tanzania inatoa vibali vya ukaazi vya madaraja: A kwa mwekezaji na anayejiajiri, B kwa aliyeajiriwa, C kwa makundi kama wanafunzi na wamisionari. Sheria ya ajira kwa wasio raia ya 2015, ilipotungwa, ilisema kibali cha kazi ni miezi 24, kinaweza kuhuishwa, lakini kwa mwajiriwa wa kawaida jumla isizidi miaka mitano. Mwekezaji anaweza kuvumiliwa zaidi. Tena mwajiri anatakiwa awe na mpango wa jinsi Mtanzania atakavyorithi ujuzi wa mgeni huyo. Sasa chukua sheria ya uraia ya 1995. Anayeomba uraia wa kuandikishwa lazima awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 kabla ya hiyo miezi, awe ameishi jumla ya miaka saba. Piga hesabu mwenyewe. Kwa sheria hizo zilivyotungwa, mwajiriwa aliruhusiwa mitano, akadaiwa karibu minane. Kati ya siku ya tatu na siku ya nne tulichimba mtaro.

Majirani zetu Wakenya, kwa sheria yao ya 2011, wameweka daraja: aliyekuwa na kibali cha kazi kwa miaka saba, na ile mitatu ya mwisho akaishi Kenya mfululizo, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu.

Najua utetezi wa sheria yetu, na si wa kipuuzi. Tuna vijana wenye shahada wanaoendesha bodaboda. Tulitawaliwa na watu waliokuja na ujuzi wao wakakalia kila kiti cha maana. Kumwambia mtaalamu "fundisha, kisha nenda" ni hekima iliyotokana na maumivu. Na sisi wa Ufipa tuna hadithi ya kale inayoeleza hofu hiyo kuliko hotuba yoyote. Chifu wa Milansi, mwenyeji wa kwanza wa nchi, alikwenda kuwinda. Wakaja wanawake watatu wageni, wakamkuta mkewe, wakaketi kwenye kiti cha utawala. Aliporudi, nchi ilikuwa na wenyewe wengine. Kila Mfipa aliyelelewa na bibi anajua kwamba kumpa mgeni kiti si jambo dogo.

Lakini hadithi haiishii hapo. Pande mbili zilipatana. Wageni wakatawala, na wa Milansi akabaki na heshima ya mwenye nchi, mwenye mlima na mizimu yake. Kutokana na wale wageni zikatoka koo zilizotawala Nkansi na Lyangalile. Yaani ufalme wenyewe tunaojivunia uliletwa na watu wa kuja. Hofu ni ya kweli, na mapatano pia ni ya kweli. Tumezoea kukumbuka nusu ya kwanza tu.

Nikitaka kuona siku ya nne ikifika vizuri, huwa namfikiria daktari mmoja. Ukitoka Muze ukapanda ule ukuta wa Lyamba lya Mfipa, ukapita Ntendo, ukavuka uwanda wote ukielekea kaskazini-magharibi hadi Ziwa Tanganyika, utafika Karema, ambayo leo iko Katavi. Huko alifika 1889 kijana aitwaye Adrien Atiman. Alizaliwa yapata 1866 karibu na Timbuktu, akaibwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara kama mtumwa, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa udaktari Malta. Kwa lugha ya leo: mtaalamu wa kigeni mwenye ujuzi wa hali ya juu. Alipofika hakujua lugha wala mtu. Akatibu. Akaoa huko huko, na mwanawe akawa padri. Wajerumani walikuja wakaondoka, Waingereza wakachukua nchi, yeye yupo anatibu. Alikufa 1956, miaka 67 baada ya kushuka Karema.

Mpime kwa zile alama. Mwaka 1911 hivi alifika 45, umri wa sifuri. Mbele yake kulikuwa na miaka mingine 45.

Sitaki kumgeuza picha ya ukutani. Alikuja na wamisionari katika zama ambazo wenyeji wa Karema hawakuulizwa nani aingie na nani asiingie, na hilo ni doa la haki kabisa. Tena mtu anaweza kuniambia: unamsifu kwa sababu alikuwa na faida. Daktari! Nani atamkataa daktari? Kweli. Atiman ni mfano rahisi. Kwa hiyo lazima nichukue mgumu.

Mwaka 1972 maelfu ya Warundi walikimbia mauaji kwao. Wengi waliwekwa Katumba na Mishamo, makazi ambayo kwa miaka mingi yalikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa kabla Katavi haijamegwa 2012, na wengine Ulyankulu, Tabora. Hawakuja na vyeti. Walipewa pori, wakalifanya mashamba. Siku ya tatu walipewa jembe, tena kwa maana halisi ya neno. Siku ya nne ikachukua miongo. Mwaka 2010 zaidi ya 162,000 waliambiwa wamekubaliwa kuwa raia, halafu vyeti vikakwama, kwa sababu ilitakiwa kwanza wahame makazi yale watawanyike mikoa mingine. Fikiria: umezaliwa Mishamo, umezika wazazi Mishamo, na sharti la kuwa Mtanzania ni kuiacha Mishamo. Mwishowe sharti likaachwa, na 2014 vyeti vikaanza kutolewa. Miaka 42. Nchi chache duniani zimewahi kuwapokea wakimbizi wengi namna hiyo kwa mara moja, na tuna haki ya kujivunia. Tungejivunia zaidi kama mtoto aliyezaliwa mwaka wa kwanza asingekuwa na wajukuu siku anapopewa karatasi.

Ukiweka Karema na Katumba pamoja, unaona kitu ambacho pointi haziwezi kukionyesha. Ujuzi ni sababu nzuri ya kumfungulia mtu mlango. Lakini si ujuzi unaomfanya awe wa pale. Kinachomfanya ni miaka, maziko, mkopo wa debe la mpunga kwa jirani, watoto wanaoota kwa lugha ya pale. Hivyo vitu daktari anavyo na mkulima anavyo, sawasawa. Kwa hiyo nchi ina haki ya kuchagua nani aingie, na kwa kuchagua huko inaweza hata kuwa kali. Haina haki ya kumweka mtu mlangoni maisha yake yote, ikila matunda ya jembe lake huku ikimuuliza kila baada ya miaka miwili amekuja kufanya nini. Lazima iwepo siku, iandikwe kwenye sheria, ijulikane na wote, ambayo kuuliza kunakoma.

Ningependa kuishia hapo, kwenye sheria, kwa sababu kuilaumu serikali hakunigharimu kitu. Lakini mama hakuniachia. Nilipompigia kumpa jibu lake, kwamba hapana, hawatamrudisha, alifurahi. Halafu akaanza kunipa habari za kijijini: ng'ombe wameingia shamba la mpunga la fulani, watu wamekasirika. "Ng'ombe wa nani?" nikauliza. "Wa yule Msukuma wa kuja."

Yule Msukuma alikuja Muze na mifugo yake mimi nikiwa darasa la pili. Sasa nina mvi. Ni raia kama mimi, kura anapiga kituo kimoja na mama. Ng'ombe wake wakila mpunga wa mtu, alipe, hilo halina mjadala. Baba alipofariki, msimu wa masika, udongo umeshika kama gundi, alikuwa mmoja wa waliochimba kaburi toka alfajiri. Nakumbuka alivyotoka mle shimoni, tope mpaka kiunoni, akapokea maji ya kunawa kutoka kwa mama.

"Mama," nikamwambia, "yule si alichimba kaburi la baba?"

Akanyamaza kidogo. "Alichimba," akasema.

"Na bado ni wa kuja?"

Hakujibu. Akaniuliza kama mdogo wangu amepata kozi ya Kiingereza.