Yafaa Kuwafundisha Vijana Habari za Vita vya Majimaji?

Wazazi kadha wa kadha wametuuliza kwa nini sisi waalimu twawafundisha watoto habari za vita vya Majimaji, mambo yaliyokwisha zamani. Wengine wahofu ya kuwa habari zile zitawatia vijana chuki. Wengine waona haya, kwa kuwa babu zao walisadiki ya kuwa maji yaweza kuzuia risasi. Maswali haya si ya kubezwa. Basi na tuyatazame.

Kwanza yafaa kujua jinsi kijana alivyo kabla hajafundishwa. Amekwisha kusikia kwa wenzake hadithi za mikuki na bunduki, naye hupenda kujiweka mahali pa shujaa. Mwulize vita vile vilitoka wapi, atakwambia: wazee walichukia Wazungu. Mwulize kwa nini walishindwa, atacheka na kusema: walidanganywa na mganga. Hukumu hizo mbili, moja ya kujisifu na moja ya kudharau, amezipata bila jasho.

Sasa mpe sababu. Tangu 1898 Serikali ya Kijerumani ilitoza kodi ya kibanda rupia 3. Toka 1902 ikaamuru yalimwe mashamba ya pamba ya shirika katika nchi za kusini. Watu wakatolewa kwenye makonde yao wakati ule ule wa kupalilia chakula chao, wakalima pamba chini ya maakida na majumbe, na kiboko kikiwa karibu. Malipo yalikuwa senti chache tu, hata wengine wakakataa kuyapokea. Mwisho wa Julai 1905, watu wa Nandete katika vilima vya Umatumbi walipotaka kutangaza vita, hawakuanza kwa kumwua mtu: waling'oa miche ya pamba. Tumeona mara nyingi ya kuwa hapa ndipo darasa linaponyamaza. Mtoto wa mkulima ajua palizi ni nini, tena ajua nyumbani kutakuwaje mwezi ukipita bila jembe kugusa shamba. Habari iliyokuwa ya majitu imekuwa ya watu wenye makonde kama ya baba yake.

Na maji je? Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa dawa ya maji yaliyotiwa mbegu za mtama na mafuta ya mbarika, na watu wakamwendea kwa makundi. Sisi Wakristo hatuisadiki dawa ile. Walakini kijana akiuliza jinsi Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine, watu wasio na mfalme mmoja, walivyoweza kusimama dhidi ya adui mmoja, huona ya kuwa maji yale yalikuwa pia kiapo cha umoja. Kicheko humwisha. Kumfahamu mtu aliyekosea ni kazi kubwa kuliko kumcheka.

Lakini hapa pana hatari, nasi hatuifichi. Kijana akiisha kujua sababu aweza kuifanya kuwa haki ya kila kitu. Atasema: walionewa, basi lolote walilotenda lilikuwa sawa. Agosti 1905, katika nchi ya Liwale, Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Masista wale hawakuwa watoza kodi wala wasimamizi wa pamba. Neno hili "kwa nini" lina kazi mbili: laweza kuuliza jambo limetokeaje, na laweza kuuliza kama lilistahili kutokea. Asiyezitenga kazi hizo hajasoma historia, amejifunza kutoa udhuru tu. Na udhuru, kama tujuavyo sisi wa vijijini, haukosekani kwa mtu yeyote.

Kwa habari ya chuki, twawauliza wazazi: kijana amchukie nani? Maofisa wa Kijerumani walikuwa wachache. Bunduki zilishikwa na askari weusi, wengine Wasudani, wengine Wamanyema na Wanyamwezi, na pamoja nao rugaruga kutoka kwa watu wasioasi. Imeandikwa ya kuwa upande wa Serikali walikufa Wazungu 15 na askari weusi 389. Kijana anayetafuta adui katika habari hii atamkuta jirani yake, na labda babu wa mama yake mwenyewe. Twaona ya kuwa chuki hukaa vizuri zaidi kwa yule aliyesikia nusu ya habari.

Yatubakia gharama. Vitabu vingi vyapita hapa kwa haraka, nasi twataka kukaa.

Wengi wa waliokufa hawakufa kwa risasi. Wajerumani walipoona ya kuwa hawawezi kuwafuata watu porini, walichoma vijiji, wakateketeza ghala na kuharibu mazao shambani. Afisa wao mmoja aliandika waziwazi ya kuwa njaa peke yake ndiyo itakayowatiisha watu. Ikawa hivyo. Mbegu zikaliwa, na aliyekula mbegu mwaka huu mwaka ujao hana cha kupanda hata mvua ikinyesha. Nchi zilizokuwa na makonde zikarudi kuwa pori, wakaingia wanyama na mbung'o. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 75,000. Wataalamu wa baadaye wamesema ni kati ya 250,000 na 300,000. Wanafunzi huuliza jinsi mtu awezavyo kukosea watu laki mbili katika hesabu. Swali hilo lapita maelezo ya vitabu vingi. Afaye kwa njaa hufa nyuma ya nyumba yake, au njiani akitafuta mizizi, miezi baada ya bunduki kunyamaza, wala hapana karani wa kumwandika. Na mara nyingi ni mama, au mtoto aliyekuwa bado kunyonya.

Mwokozi wetu alitoa mfano wa mfalme akaaye kwanza kufanya shauri kabla ya kwenda vitani. Tumewasikia vijana wakiutumia mfano huu kuwalaumu wazee: hawakuhesabu. Lakini afisa yule aliyechagua njaa, yeye alihesabu, tena alihesabu sawasawa. Kosa lake halikuwa katika hesabu. Alijua gharama, naye alijua pia ya kuwa haitalipwa na yeye. Basi kijana asitosheke kuuliza vita vitagharimu kiasi gani. Na aulize vitamgharimu nani. Tumeona ya kuwa aliyezoea swali hili hulipeleka hata mahali pengine, kwenye ugomvi wa mipaka ya mashamba na kwenye siasa za vijana, ambako wenye sauti kubwa kwa kawaida si walipaji.

Hatusemi ya kuwa vijana wote hutoka na fikira moja. Mmoja husema hatashika silaha kamwe. Mwenziwe husema ya kuwa angalikuwapo Nandete angaliing'oa pamba kwa mkono wake. Wote wawili hatuwakemei, mradi kila mmoja aweza kueleza ni nini kinachomlemea katika jibu lake mwenyewe.

Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea, na baadhi yao walibatizwa kabla ya kufa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. Je, mjukuu aweza kusamehe kwa niaba ya babu aliyenyongwa? Sisi twadhani aweza kusamehe lile lililomfikia yeye, yaani huzuni na upungufu wa nyumba yake. Mengine ni ya Mungu. Asiyejua gharama hutoa msamaha au huukataa kwa dakika moja.

Katika 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuandika maneno ya wazee walioviona vita vile wakiwa vijana na watoto. Wazee wale hawapo tena. Lakini wako bado wazee waliolala utotoni karibu na bibi zao, wakasikia majina ya mizizi iliyoliwa miaka ile ya njaa. Mtoto akija jioni na daftari lake kuuliza, twawaomba msimrudishe.