Kibuyu, Gitaa na Uhai wa Roki

Swali la kama muziki wa roki bado una uhai wa kiubunifu, au umebaki kumbukumbu ya wazee wenye magitaa ya bei ghali, huulizwa zaidi na watu wanaoutazama kutoka ulikozaliwa na kulelewa, yaani Marekani, ulikochipuka katika miaka ya 1950 kutokana na muziki wa Wamarekani weusi, na Uingereza, ulikonawiri miaka ya 1960. Wanaotazama kutoka huko huona bendi zenye umri wa nusu karne zikirudia nyimbo zilezile viwanjani, nao huhitimisha kwamba chemchemi imekauka. Kasoro ya hitimisho hilo ni kwamba linaupima muziki kwa hali ya waliouanzisha, ilhali mwambao wa Ziwa Nyasa una ngoma inayofundisha kipimo kingine.

Ngoma hiyo ni mganda, inayochezwa na wanaume katika vijiji vya mwambao, Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, na kupanda hadi milima ya Umatengo, upande wa Mbinga ilipo kata ya Ukata. Chimbuko lake ni beni, yaani ngoma ya vijana wa pwani walioiga bendi za kijeshi za Kizungu, wakapeana vyeo vya mfalme na kapteni, na kushindana kwa mavazi na nyimbo. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaieneza bara kwa miguu ya askari na wapagazi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu beni, alionyesha kwamba kuiga huko hakukuwa kasumba tupu, kwa kuwa ndani ya vazi la kigeni waliendelea kuishi ushindani na heshima ambazo watu wa pwani walikuwa nazo kabla ya bendi yoyote kufika. Ilipofika Nyasa, ngoma hiyo ilikutana na ukosefu wa matarumbeta ya shaba, na ukosefu huo ndio ulioizaa upya.

Badala ya tarumbeta kulishikwa kibuyu. Hukaushwa, hutolewa nyama yote ya ndani, kisha hutobolewa tundu dogo linalozibwa kwa utando wa buibui uliotandazwa kama karatasi nyembamba. Mchezaji hapulizi pumzi tupu kama apulizaye filimbi, bali huimba ndani ya kibuyu, na utando ule unapotetemeka sauti ya binadamu hutoka imekwaruza, nzito na yenye mvumo, kiasi kwamba watu 20 waliovaa kaptura nyeupe na soksi ndefu, wakifuata ngoma kubwa moja, husikika kama kikosi kizima cha matarumbeta. Mkwaruzo huo si hitilafu inayovumiliwa. Ndio unaotafutwa, na kibuyu kisichokwaruza huhesabiwa kuwa kibovu.

Hapo ndipo kibuyu cha Nyasa na gitaa la umeme hukutana, ingawa hakuna aliyemfundisha mwenzake. Mwaka 1951, Ike Turner na wenzake walipokwenda Memphis kurekodi wimbo uitwao "Rocket 88", amplifaya ya gitaa, yaani mashine ya kukuza sauti, ilikuwa imeharibika njiani, wakaisokomeza karatasi na kurekodi hivyohivyo. Mwaka 1964, Dave Davies wa bendi ya The Kinks alichana kwa wembe karatasi ya spika yake ili sauti ikwaruze. Roki ilizaliwa pale ambapo kijana aliacha kuona aibu kwa chombo kibovu, akakisikia kina neno lake. Na uhai wake hauna budi kutafutwa kwa vijana wa namna hiyo popote walipo.

Haitoshi, kwa hiyo, kutaja kwamba Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, kwa maana muziki wake ulifinyangwa London, na mahali pa kuzaliwa peke yake hapatungi wimbo. Ushahidi ulio bora unatoka ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, huko Zambia, ambako katika miaka ya 1970 bendi kama WITCH zilichanganya gitaa lenye mkwaruzo na midundo ya nyumbani, mtindo ukaitwa Zamrock, na mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, akajulikana kama Jagari, jina la Mick Jagger lililopewa irabu ya Kibantu. Dar es Salaam nayo, ambayo mwaka 1969 ilipiga marufuku muziki wa soul kwa kuuona adui wa utamaduni wa taifa, ilikuwa na bendi ya Sunburst, iliyotoa albamu ya "Ave Africa" mwaka 1976, nayo ikatolewa huko Zambia. Waliopiga marufuku walikuwa na nia njema, lakini walikosea: vijana walioupenda muziki huo hawakuwa wakiuza utamaduni, walikuwa wakifanya kwa gitaa kile ambacho watu wa Nyasa walikuwa wamekifanya kwa kibuyu.

Wanaodai kwamba habari hizo ni za kale wasikilize Nairobi. Bendi ya Parking Lot Grass imeimba roki kwa Kiswahili, na kundi la Duma, lililotoa albamu mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, liliungamanisha makelele ya metali, yaani tawi kali la roki, na midundo ya kompyuta kwa namna ambayo waanzilishi wa metali wasingeweza kuibashiri. Mwaka 2023 WITCH nao walirudi na albamu mpya, "Zango", iliyorekodiwa Lusaka, yenye nyimbo mpya badala ya zile za ujana wao.

Hofu ya kweli, kwa kipimo hiki, inauhusu mganda zaidi kuliko roki. Kikundi kinapoitwa uwanjani kumlaki mgeni rasmi, kikapewa dakika 5 na kuombwa wimbo wa kusifu, ngoma huonekana hai ilhali kilichoiumba hakipo, yaani kikundi cha kijiji cha pili kilichosimama upande mwingine wa uwanja, kimekuja na wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, na kinasubiri zamu yake.