Je, Ni Haki Kuficha Kifo cha Mwenzetu?

Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii ndiyo msingi wa makundi ya WhatsApp ambayo vijana wenye saratani huyaunda ili kufarijiana. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967 pale Mulago, Kampala, hupokea wagonjwa kutoka wilaya za mbali. Kijana anayerudi Arua au Kabale baada ya kutiwa dawa huenda asipate jirani wa rika lake anayejua ladha ya chuma mdomoni au uchungu wa kuokota nywele zake mtoni. Kwenye simu humpata.

Mdogo wangu alikuwa katika kundi kama hilo. Mwenzao mmoja, aliyezoea kuwasalimu kila asubuhi, alinyamaza. Viongozi walijua kwamba amefariki, lakini kila aliyeuliza alijibiwa, "Anapumzika." Mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, nami nikifa watasema napumzika?"

Wanaotetea kuficha wana hoja. Anayesubiri dawa kesho akisikia kifo leo, anaweza kukata tamaa na kuacha matibabu. Tena msiba una wenyewe. Si haki kundi kuutangaza kabla ya familia.

Hata hivyo, kuchelewesha habari si sawa na kuweka uongo mahali pake. Wageni nyumbani humwambia mgonjwa "utapona tu." Yeye hukimbilia kundini kwa sababu huko huambiwa ukweli. Kundi likidanganya, limegeuka sebule ile ile aliyoikimbia. Zaidi ya hayo, uongo huharibu hata habari njema: ikiwa aliyekufa "anapumzika", nani atamwamini anayesema amepona?

Kwa maoni yangu, kila anayejiunga aulizwe mapema mambo mawili: angependa kuarifiwa mwenzake akifa? Na yeye mwenyewe angependa kifo chake kisemwe? Wanaotaka kujua wapigiwe simu mmoja mmoja, familia ikisharidhia. Asiyetaka aachwe na amani yake. Hivyo ukweli hautakuwa rungu, wala huruma haitakuwa uongo.

Nilimuuliza mdogo wangu maswali hayo. Alifikiri kidogo, kisha akajibu, "Niambieni. Na mimi mnitaje kwa jina."