Unafunga kwa Ajili ya Nani? Saumu za Sunna na Hesabu ya Kalori

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, swali ninaloliandikia limekuwa likizunguka mabwenini tangu muhula huu uanze, hasa upande wetu wa akina dada. Linaulizwa hivi: mtu akifunga Jumatatu na Alhamisi huku akitaka pia kupunguza uzito, je, amefunga? Au ameshinda na njaa tu?

Watu wamegawanyika pande mbili. Wa kwanza wanasema amali huenda na nia, kwa hiyo anayefunga ili gauni limkae vizuri kwenye harusi, malipo yake ni hilo gauni. Wa pili wanasema mwili ni amana, na unene uliopita kiasi unakaribisha kisukari na shinikizo la damu, basi kuupunguza nako ni ibada; ya nini kuvitenganisha? Nimewasikiliza wote, kisha nikarudi kwenye vitabu tunavyovisoma darasani. Naona kila upande umeshika jambo la kweli, lakini swali zito zaidi wameliacha njiani.

Wanazuoni walilijua swali hili

Tusidhani swali hili limeletwa na simu zetu. Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria (1505), amelitaja katika kitabu chake cha kanuni za fiqhi, al-Ashbah wan-Nadhair, chini ya kanuni ya kwanza kabisa: mambo huangaliwa kwa makusudio yake. Hapo anawataja watu wanaochanganya ibada na manufaa ya kidunia. Yuko anayetawadha akitaka pia kupoza mwili. Yuko anayeswali akitaka pia kumkwepa anayemdai. Na yuko anayefunga akitaka pia kujizuia chakula kwa ajili ya afya, au kujitibu.

Kauli iliyo sahihi katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, ni kwamba udhu wa yule wa kwanza unasihi. Sababu yake ni nyepesi: maji yatampoza tu, akusudie asikusudie. Funga nayo Suyuti ameiweka kwenye mjadala huohuo. Ukikaa bila chakula kuanzia alfajiri hadi magharibi, mwili utatumia akiba yake, umelikusudia hilo au hukulikusudia.

Lakini kusihi ni jambo moja na thawabu ni jambo jingine. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), aliangalia kile kinachomsukuma mtu zaidi. Msukumo wa dini ukiwa na nguvu zaidi, mtu hupata thawabu kwa kadiri yake. Msukumo wa dunia ukishinda, hana thawabu. Vikilingana, kimoja hukifuta kingine. Izzud-Din ibn Abdis-Salam, aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), alikuwa mkali kuliko hapo: viwili hivyo vikishachanganyika, hakuna thawabu.

Kwa hiyo wa upande wa kwanza wasiharakishe kubatilisha saumu za wenzao, na wa upande wa pili wasijihakikishie malipo. Kilichobaki ni kila mmoja wetu kujua ni kipi kinachomsukuma, na hilo hakuna sheikh atakayekujibia.

Napendekeza kipimo kimoja. Yeyote aliyewahi kujipima mara kwa mara anajua kuna wiki ambayo mizani inagoma. Uzito hupanda na kushuka kwa kilo moja au mbili kwa sababu ya maji na chumvi, na kwetu akina dada siku za kukaribia hedhi huongeza zaidi, bila mafuta mwilini kubadilika. Umefunga Jumatatu, Jumatano ukapanda kwenye mizani ukaona namba imepanda badala ya kushuka. Alhamisi utafunga? Ukifunga kwa moyo uleule, nadhani unaweza kutumaini kuwa uzito ulikuwa abiria tu katika nia yako. Ukiona hakuna tena sababu ya kuamka kula daku, basi umejua aliyekuwa dereva.

Kalori haina kosa

Kuhesabu chakula kwenyewe si jambo baya. Dini yetu imetufundisha muhasaba, mtu kujihesabu kabla hajahesabiwa, na namba hufichua mambo ambayo macho hayaoni. Chukua rolex ya pale getini. Mayai mawili yana takriban kalori 150, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban 120. Maana yake, muuzaji akiongeza kijiko kimoja tu kwenye kikaango, ni karibu sawa na kukuongezea mayai mengine mawili, ila mafuta hayo hayatakushibisha kama mayai. Soda ya mililita 300 ina sukari ya takriban vijiko vidogo 8, na Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa zaidi sukari ya kuongezwa isizidi vijiko kama 6 kwa siku nzima. Kwa upande mwingine, maharage ya kantini tunayoyadharau yana protini na nyuzinyuzi, nayo hukaa tumboni muda mrefu.

Mwenye kujua haya anaweza kupunguza uzito bila mateso. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700. Ukipunguza kalori 500 kwa siku, mwanzoni utapungua karibu nusu kilo kwa wiki. Soda moja iondoke, mafuta yapungue, posho ipungue kijiko, mboga iongezwe, na mtu atembee kwenda mhadharani badala ya kupanda boda. Hili ni jambo halali na zuri, na halihitaji kuvishwa kanzu ya ibada ili liwe halali. Anayetaka mlo wa kupunguza uzito na aufuate kwa jina lake.

Aliyeshiba na anayehesabu

Sasa nifike kwenye swali nililosema limeachwa njiani. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Miqdam bin Maadikarib na kupokelewa na Tirmidhi, ametufundisha kwamba mwanadamu hutoshwa na matonge machache ya kuunyoosha mgongo wake, na kama hana budi kuzidisha, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Wengi wetu tunaisoma hadithi hii kama karatasi ya mlo. Mimi naiona inazungumzia utawala: nani amtawale mwenzake, wewe au tumbo.

Ghazali katika Ihya ameandika kitabu kizima juu ya kuvunja shahawa mbili, ya tumbo na ya tupu. Baada ya kuisifu njaa kurasa nyingi, anafika mahali anaeleza kuwa lililo bora kwa mtu wa kawaida ni ale kiasi ambacho hahisi uzito wa tumbo wala uchungu wa njaa, mpaka alisahau tumbo lake. Neno hilo la kusahau limenikaa sana. Mlafi hawezi kulisahau tumbo lake. Lakini je, yule anayepima wali kwa gramu, anayefungua programu ya simu kabla ya kusema Bismillahi, anayelala akijumlisha alichokula mchana, yeye amelisahau? Wote wawili wamekaliwa na bwana yuleyule, tofauti ni mavazi tu.

Na jambo hili lina ushahidi nje ya vitabu vyetu. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana wa kiume 36 waliojitolea, kwa muda wa miezi sita hivi, hadi wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Walikuwa vijana wenye afya na wenye misimamo. Njaa ilipozidi, mawazo yao yalijaa chakula. Walisoma vitabu vya mapishi, wakazungumzia vyakula mchana kutwa, wakawa wazito wa moyo na wepesi wa hasira. Njaa iliyopita mpaka, badala ya kulivunja tumbo, ililikalisha kwenye kiti cha enzi.

Ndiyo maana naona sheria ya funga imejaa huruma. Tumehimizwa kula daku, na tumeambiwa ndani yake mna baraka. Tumehimizwa kuharakisha kufuturu. Siku hizi mabwenini nawaona dada zangu wanaofunga Jumatatu na Alhamisi, wakaruka daku kwa sababu ni kalori, kisha magharibi wakafuturu kwa tende moja na maji na kuishia hapo hadi kesho. Mwingine anatetemeka kwenye chumba cha mtihani. Nawauliza kwa upendo: mmechukua sunna ya kufunga, mbona sunna ya kula mmeiacha? Mtume aliyefunga Jumatatu ndiye aliyehimiza daku. Ukiikata sunna kati, ukabakiza nusu inayoiridhisha mizani, jiulize unamfuata nani katika nusu hiyo.

Na kuna haki ya wenzetu. Imepokelewa na Bukhari kwamba Salman alimtembelea nduguye Abu Dardaa, akaandaliwa chakula. Abu Dardaa akasema yeye amefunga. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye, na Abu Dardaa akafungua saumu yake ya sunna akala. Salman alimweleza kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, na Mtume (S.A.W.) akathibitisha kuwa Salman amesema kweli. Ikiwa saumu ya kweli ya sahaba iliachwa kwa ajili ya mgeni, ni vipi idadi ya kalori imzuie mmoja wetu kunyoosha mkono kwenye sinia alilotumiwa mwenzake na mama yake kutoka kijijini? Matonge mawili ya matoke na mchuzi wa karanga hayavunji mpango wa mwezi mzima. Lakini kumwambia mama wa watu, kwa kukataa, kwamba chakula chake ni hatari, kunaweza kuvunja kitu ambacho hakijengeki kwa mwezi.

Mwaka 1918 daktari wa Kimarekani, Lulu Hunt Peters, aliandika kitabu kilichoeneza sana kuhesabu kalori, na humo aliwafundisha wasomaji wake kutaja kalori mahali pa kutaja kipande cha mkate. Kama njia ya kujifunza, nalielewa. Kama njia ya kuishi, linanitia hofu. Mkate una aliyeulima, aliyeukanda na Aliyeuruzuku, na kwa hao wote tuna deni la shukrani. Namba haishukuriwi.

Najua nitajibiwa: mwenye kisukari analazimika kuhesabu kila siku, je, naye ni mtumwa wa tumbo? Hapana. Yeye anahesabu ili aishi na atekeleze majukumu yake, kwa maelekezo ya daktari, na kujitibu kumehimizwa. Namzungumzia yule ambaye hesabu imemla: halali vizuri, anakwepa kula na watu, anajitapisha, hedhi yake imekatika, na bado anajiona mnene. Huyo asihukumiwe wala asichekwe. Ni mgonjwa anayehitaji daktari na rafiki, na amali yake bora Alhamisi hii huenda ikawa ni kula.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mabwenini ni hili. Funga, na usiogope kama unajua kwamba mwili wako utanufaika. Hesabu, ikiwa hesabu inakufundisha, na ukishajifunza ukubwa wa tonge lako, weka simu pembeni. Kula daku. Futuru na wenzako kwenye sinia moja. Na Jumatano jioni, kabla hujatia nia, usipande kwenye mizani.

Allah atutakasie nia zetu, atupe afya ya kumtumikia, na atujaalie kula kwetu na kufunga kwetu viwe kwa ajili Yake. Amin.