Mvi na Haki



Twamsikia mtu akisema: "Ujanani niliwatetea wanyonge, sasa nimekuwa mtu mzima, nimepata akili." Kubadili rai si aibu. Lakini na tuitazame akili hiyo: imempatia nini, na imemgharimu nini?

Umar bin Abdulaziz, Mungu amrehemu, alipokuwa liwali wa Madina tangu mwaka 87 Hijria, alikuwa kijana aliyejulikana kwa nguo za thamani na manukato. Aliposhika ukhalifa mwaka 99, yaani 717 Miladi, hali hajatimiza miaka 40, aliyarejesha mashamba yake katika Baitulmali, na jamaa zake Bani Umayya akawataka warudishe walivyovichukua kwa dhuluma. Wakamkasirikia. Rai yake ilibadilika, na gharama akailipa yeye mwenyewe.

Wengi wetu hubadilika baada ya kupata nyumba na cheo. Dhuluma tuliyoikemea jana, leo twaiita utaratibu. Mvi hazina kosa katika hayo. Kosa ni la tumbo. Basi kila aliyebadili rai na aiulize nafsi yake: je, rai hii mpya imemwondolea nani dhuluma?